Maswali ya Wasomaji: Jane Eyre na Mlango wa Chumba cha Kulala

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kuzichukua riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria na kuzisimulia upya kama riwaya za mahaba kwa watu wazima. Nimechagua tano. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanategemea yaliyosemwa humo.

SWALI: Mpendwa mhariri, kwa mwaka mzima nimekuwa nikiisimulia upya kwa Kiswahili riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, nikikusudia isomwe na watu wazima wapendao hadithi za mapenzi. Mtiririko wa matukio sikuubadilisha. Nilichofanya ni kuongeza matukio matano ya faragha, la kwanza likiwa usiku ule Jane anapouzima moto kitandani kwa mwajiri wake, Rochester. Marafiki watatu niliowapa mswada wanasema matukio hayo yamewasisimua, lakini baada ya lile la kwanza hadithi ikawa kama imekwisha, na wawili kati yao hawakuimaliza. Nimekosea wapi?

JIBU: Tatizo lako limo katika kurasa ulizoziacha bila kuzigusa. Naomba turudi pamoja kwenye sura ya 15, ambako ndiko ulikoanzia.

Jane ana umri wa miaka 18 na ni mwalimu wa nyumbani katika jumba la Thornfield, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Usiku anasikia kicheko nje ya mlango wake, anatoka, anaona moshi ukifuka kutoka chumba cha tajiri wake, anaingia na kukuta mapazia ya kitanda yanawaka, naye anamwagia maji kitanda na mwenye kitanda pamoja. Moto unazimika. Rochester, akiisha kumshukuru, hamwachii mkono. Jane anasema anaona baridi. Rochester anakiri kwamba kweli amesimama katika dimbwi la maji, anamwambia aende zake, lakini vidole vyake havilegei. Mwishowe Jane anabuni hila: anasema anadhani anamsikia Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba, akijongea. Ndipo anapoachiliwa. Anarudi kitandani, na usingizi haumjii mpaka kunakucha.

Hakuna busu hapo, wala kukumbatiana. Kuna mkono mmoja ulioshikwa kwa muda mrefu kuliko staha inavyoruhusu, na hila ya msichana anayejua kwamba asipoondoka sasa hataondoka. Wewe umeichukua sekunde hiyo, ukaifanya kurasa saba za mapenzi yaliyokamilika, kisha ukaendelea na sura ya 16 kama ilivyoandikwa mwaka 1847. Lakini tazama sura ya 16 inasema nini. Asubuhi Rochester ameondoka bila kuaga, amekwenda kwenye karamu ya Bw. Eshton, na Jane anaelezwa habari za mrembo Blanche Ingram. Anajiadhibu kwa tumaini lake: anajichora picha yake mwenyewe kwa chaki, bila kuficha kasoro yoyote, kisha anachora picha ya Blanche kwenye kipande cha pembe ya ndovu, ili kila moyo unapomdanganya azilinganishe hizo mbili. Hayo ni matendo ya mwanamke ambaye hakuahidiwa chochote na ambaye anaona haya kwa kuota. Katika mswada wako, mwanamke huyo huyo amelala na mwanamume usiku na kuachwa alfajiri bila neno. Kwa nini basi akae kimya pembeni mwa sebule, akimtazama Rochester akimfurahisha Blanche mbele ya wageni? Msomaji wako anatarajia afungashe sanduku lake, au alie, au amkabili. Hafanyi hata moja kati ya hayo kwa sababu maneno yake ni ya Jane mwingine, yule ambaye hakuguswa. Rafiki zako walipofunga mswada huenda hawakujua kueleza sababu, lakini waliona kwamba mtu waliyekuwa wakimfuata hayupo tena.

Mahali pengine palipobomoka ni pazito zaidi. Harusi ikishasimamishwa kanisani na ikajulikana kwamba Rochester ana mke aliye hai, anamsihi Jane waende wakaishi pamoja kusini mwa Ufaransa, katika nyumba nyeupe kando ya Bahari ya Mediterania. Jane anampenda. Hana ndugu ambaye angeaibika kwa ajili yake. Hata hivyo anakataa, akijiambia kwamba kadiri anavyokuwa mpweke na asiye na rafiki, ndivyo atakavyozidi kujiheshimu. Kukataa huko ndiko mhimili wa riwaya nzima. Ikiwa wamekwisha kulala pamoja kwa miezi kadhaa, Jane anakataa nini hasa? Sisemi kwamba jibu halipo. Anaweza kukataa kwa sababu alijitoa kwa mtu aliyedhani yuko huru, kwa hiyo ridhaa aliyoitoa iliibwa kwa uongo. Na kwa kweli hilo ni jibu kali kuliko la awali. Lakini ni lazima liandikwe, na likiandikwa, karibu kila sura kuanzia ya 16 hadi ya 27 itadai kuandikwa upya.

Una njia mbili, basi. Ya kwanza ni kuufungua mlango mapema na kulipa gharama yake yote: hofu ya mimba, minong'ono ya watumishi, na hatari ya mwalimu wa nyumbani kufukuzwa bila barua ya sifa, barua ambayo bila hiyo hakuna nyumba ya heshima ingempokea. Hiyo ni riwaya halali, ila itakuwa na huzuni nyingi kuliko unayoiandika sasa. Ya pili ni kusubiri na kuandika pale ambapo Charlotte Brontë mwenyewe aliacha nafasi. Kuna mwezi mzima wa uchumba katika sura ya 24, ambapo Rochester anataka kumvisha hariri na vito, na Jane anakubali magauni mawili tu kisha anatumia kila jioni kumkwepa na kumtania. Ni sura yenye joto jingi, na mwandishi wa mahaba anaweza kukaa humo kurasa 40 bila kumvua mtu kiatu. Halafu kuna Ferndean, nyumba ambako Jane anamrudia Rochester mwishoni mwa riwaya. Rochester amekuwa kipofu na amepoteza mkono wa kushoto. Jane amerithi pauni 20,000, akazigawa sehemu nne na binamu zake watatu, akabaki na 5,000. Anamwambia kwamba sasa ni bibi wa nafsi yake, na kwamba asipokubaliwa kuishi humo atajenga nyumba yake jirani na mlango wake. Ndoa inatajwa kwa sentensi fupi, kisha tunarushwa miaka kumi mbele. Miaka hiyo ni yako. Mwanamume asiyeona, mwenye mkono mmoja, na mwanamke ambaye maisha yake yote aliambiwa kwamba si mzuri wa sura, sasa wamo katika chumba ambamo sura haina kazi: sijui mwandishi wa mahaba angeomba nini zaidi ya hapo.

Ningekushauri ujaribu pia hivi. Chukua kila tukio kati ya yale matano, liondoe, kisha usome ukurasa unaofuata. Kama ukurasa huo haukupungukiwa chochote, tukio hilo halikuwa na kazi hata kama limeandikwa vizuri. Nashuku utabakiwa na moja au mawili.

SWALI: Je, ninaruhusiwa kisheria kuchukua riwaya ya mtu na kuigeuza namna hii? Mchapishaji niliyemwendea aliniuliza swali hili nikakosa jibu.

JIBU: Kwa Jane Eyre, ndiyo. Riwaya ilitoka Oktoba 1847 na mwandishi akafariki mwaka 1855. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1842 ililinda kitabu kwa miaka 42 tangu kuchapishwa, au kwa uhai wa mwandishi na miaka 7 baada ya kifo chake, kutegemea ni kipi kirefu zaidi; kwa hiyo ulinzi ulikwisha mwaka 1889. Hata leo, ambapo nchi nyingi hulinda kazi kwa miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mwandishi, kitabu hicho kiko huru.

Uhuru huo ni wa matini ya awali peke yake. Tafsiri ni mali ya mfasiri, na mazungumzo yaliyobuniwa kwa ajili ya filamu ni mali ya walioyabuni. Wengi hunaswa na jambo jingine: Jean Rhys, mwandishi mzaliwa wa Dominica, mwaka 1966 alichapisha Wide Sargasso Sea, riwaya inayomsimulia mke wa kwanza wa Rochester na kumpa jina la Antoinette. Rhys alifariki mwaka 1979, kwa hiyo kazi yake bado inalindwa. Ukimwita mke huyo Bertha uko salama. Ukimwita Antoinette na kumpa maisha aliyotungiwa na Rhys, umeingia shambani kwa mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi mstaafu. Naona ni utovu wa adabu kuchukua kitabu kilichoandikwa kwa usafi, na watu wasafi, na kukijaza mambo ya kitandani. Kwa nini safu yako inalichekea jambo hili?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kwamba nyingi kati ya kazi hizi ni za uvivu, kwa sababu mwandishi hunakili kitabu cha mwenzake na kuingiza aya zake kama mtu atiaye viraka vyekundu katika shuka nyeupe. Usafi wa watu wa enzi ile ndio ninaoutilia shaka, na nitaeleza kwa nini.

Kilichokuwa safi ni soko. Riwaya mpya ilitoka katika juzuu tatu kwa bei ya shilingi 31 na peni 6, fedha ambayo familia ya kawaida haikuweza kuitoa kwa kitabu, hivyo wasomaji wengi waliazima kwenye maktaba za kulipia. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Charles Mudie, aliyeanza biashara hiyo mwaka 1842 na kutoza gini moja (shilingi 21) kwa mwaka. Mudie alichagua vitabu ambavyo baba angeweza kuviacha mezani mbele ya binti zake, na kitabu alichokikataa kilipoteza mauzo ya mamia ya nakala. Mwaka 1857 Bunge nalo lilipitisha sheria iliyowaruhusu mahakimu kuamuru vitabu vya aibu vikamatwe na kuharibiwa, na mwaka 1889 mchapishaji Henry Vizetelly alifungwa jela kwa kuuza tafsiri za riwaya za Mfaransa Émile Zola.

Waandishi waliishi ndani ya ukuta huo, lakini hawakuupenda wote. Thomas Hardy alipokuwa akichapisha riwaya yake ya Tess kwa sehemu katika gazeti la The Graphic mwaka 1891, alitakiwa kubadilisha tukio ambalo kijana anawabeba wasichana wakamuaji mikononi mwake ili kuwavusha njia iliyofurika maji. Ikabidi awavushe kwa toroli. Kitabu kilipotoka mwaka huo huo, Hardy aliwarudisha mikononi. Mwaka 1896 Askofu wa Wakefield alitangaza kwamba ameitupa motoni riwaya yake nyingine, Jude the Obscure. Na Jane Eyre yenyewe, ambayo wewe na mimi tulifundishwa kama kitabu cha maadili, mwaka 1848 ilishutumiwa katika jarida la Quarterly Review kuwa ni utungo unaopinga Ukristo. Waliosoma zamani waliuona moto uliokuwa chini ya majivu, na baadhi yao uliwachoma.

Kwa hiyo simlaumu anayetaka kufukua. Namlaumu anayefukua bila kujua majivu yale yaliwekwa na nani, kwa sababu huyo huharibu mambo mawili kwa mpigo: anaondoa staha iliyokuwa ikiutunza moto, kisha anashangaa moto ukizimika. Elizabeth Gaskell, katika North and South, riwaya iliyotoka kwa sehemu kati ya 1854 na 1855, ana mahali ambapo mwenye kiwanda anamtazama mwanamke akiandaa chai, na bangili yake inateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, naye anaisukuma juu, inateleza tena, na mwanamume hawezi kuyatoa macho hapo. Mwandishi wa mahaba anayeweza kuandika bangili hiyo namruhusu aandike chochote kingine atakacho.

SWALI: Rochester ni tajiri, ana karibu miaka 20 zaidi ya Jane, anamlipa mshahara, na amemfungia mke wake darini. Nikiandika mapenzi yao kwa uwazi, msomaji wa leo hataniona kama ninayetetea unyanyasaji?

JIBU: Ataona hivyo ukijifanya huoni. Charlotte Brontë hakujifanya. Jane anazungumzia mshahara wake wazi wazi, anakataa kuvishwa vito kama mtumwa wa kasri, na harudi kwa Rochester mpaka awe na fedha zake na mwanamume huyo awe amepungukiwa. Riwaya ya awali, kwa hiyo, imekwisha kupima mizani hiyo kabla yako, na hii ni sababu nyingine inayonifanya nipendelee Ferndean. Kejeli iliyopo ni kwamba kwa sheria ya wakati ule mali ya mwanamke anayeolewa iliingia mikononi mwa mumewe, na ilikuwa hivyo mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha mambo. Zile pauni 5,000 zilimpa Jane sauti hadi mlangoni mwa kanisa tu, isipokuwa kama kulikuwa na mkataba. Mwandishi mwerevu angewapa wachumba hao mazungumzo kuhusu mkataba huo, na nina hakika yangekuwa mazungumzo ya mahaba.

Umri wa wahusika wako usiucheze. Jane ni mtu mzima anapofika Thornfield. Miaka yake ya utotoni katika shule ya Lowood haina nafasi yoyote katika kazi ya aina hii.

Bertha ni mgumu zaidi. Alitoka Spanish Town, Jamaica, akaolewa pamoja na mahari ya pauni 30,000 iliyomwendea mume, kisha akafungiwa. Rochester hakuweza kumtaliki: kabla ya 1857 talaka kamili nchini Uingereza ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na wazimu wa mwenzi haukuwa sababu ya talaka mpaka sheria ya mwaka 1937. Ukieleza hayo, msomaji atamwelewa Rochester bila kumsamehe. Usifanye kama wengi wanaomtumia Bertha kama mayowe ya kunogesha usiku wa wapenzi. Nimesoma mswada mmoja ambamo wapenzi wako chini kitandani huku mke akilia juu yao, na mwandishi alidhani ameongeza msisimko. Niliufunga hapo hapo.

SWALI: Kila nikiandika tukio la mapenzi kwa Kiswahili linatoka ama kama kijitabu cha zahanati ama kama matusi. Kiingereza kinaonekana kuwa na maneno ya katikati. Sisi tunayo?

JIBU: Tunayo: huba, mahaba, nyonda, ashiki, shauku, hawaa. Hata hivyo majina hayo hayatakuokoa, kwa kuwa mengine ni ya kishairi mno kwa msimulizi kama Jane, ambaye sifa yake ni kusema waziwazi. Nguvu yetu iko katika vitenzi. Majina ya viungo vya mwili ndiyo yanayokupeleka zahanati au kijiweni. Yapunguze, uwaache kupapasa, kulegea, kutweta na kutetemeka wafanye kazi. Na itazame kauli ya kutendana. "Alimvua" na "wakavuana" zina tofauti ambayo katika lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima kuielezea: katika ya pili ridhaa ya wote wawili imo ndani ya neno lenyewe.

Tatizo letu la kweli ni jingine. Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakitenganishi mwanamume na mwanamke, hivyo "alimvuta, akambusu, akamfungua vifungo" humwacha msomaji akihesabu nani kamfanyia nani, na anayehesabu hasisimki. Usiwataje kwa majina kila mstari, kwani inachosha. Baki na Jane kama msimulizi, kama ilivyo katika kitabu cha awali, uandike "alinivuta, nikambusu", na kila kiambishi kitamjua mwenyewe. Ukitamani kuingia moyoni mwa Rochester, mpe sura zake naye azungumze kwa nafsi ya kwanza.

Tena kuna neno moja ambalo Kiswahili kimekupa bure. Katika riwaya ya awali Jane humwita Rochester kwa neno la heshima ambalo mtumishi humwita tajiri wake, na haliachi hata anaporudi Ferndean akiwa halipwi tena na mtu. Kwetu neno hilo ni "bwana", ambalo ni la mwajiri na la mume vilevile. Liandike sura ya 15, Jane akiwa amesimama majini na mkono wake umeshikwa: "Naona baridi, bwana." Kisha usilitumie kwa muda mrefu, mpaka usiku wa kwanza wa ndoa yao, na hapo umwache Rochester, asiyeweza kumwona usoni, aulize analitamka kwa maana ipi.